Jinsi ya Kutoa na Kupokea Mrejesho juu ya Kilele cha Hadithi ya Fantasia: Mwongozo Kamili

Katika vikao vyetu vya Jumamosi hapa Mtwara, kazi inayowashinda wanakikundi mara nyingi kuliko nyingine zote si kuandika kilele cha hadithi, bali ni kukizungumzia. Msomaji anafika na rasimu aliyoisoma kwa uaminifu, anaulizwa ameionaje, anajibu kwamba hadithi ni nzuri ila mwisho "hauna nguvu". Mwandishi anarudi nyumbani, anaongeza radi mbili na damu kidogo, na wiki inayofuata anaambiwa maneno yaleyale. Nimeshuhudia rasimu moja ikizunguka hivyo mara nne.

Sababu ni kwamba kasoro ya kilele mara nyingi haiko kwenye kilele chenyewe. Hapo ndipo inapouma, lakini chanzo chake kiko kurasa ishirini au thelathini nyuma, mahali ambapo jambo fulani lilipaswa kusemwa na halikusemwa. Kwa hiyo msomaji anayesahihisha kurasa za mwisho peke yake, na mwandishi anayezirekebisha hizohizo, wote wawili wanafanya kazi mahali pasipo na ugonjwa.

Kwa kilele ninamaanisha ile sehemu ambapo swali kubwa la hadithi linajibiwa na mhusika mkuu hawezi tena kurudi alikotoka. Katika hadithi za fantasia sehemu hiyo ina ugumu wake wa pekee, kwa sababu mwandishi ana uwezo wa kufanya lolote: anaweza kufufua, kugeuza, kuita majini na kusimamisha bahari. Uwezo huo usio na kikomo ndio unaoua taharuki.

## Mfano tutakaoutumia

Nitatumia rasimu ya mwanakikundi mmoja, kwa ruhusa yake na bila kumtaja. Somoe ni binti wa miaka 14 anayeishi Mikindani na babu yake, mchongaji wa Kimakonde aliyeteremka kutoka Newala. Zimwi limezuka bara na linaunywa mto Ruvuma, hata mashamba ya mpunga ya bondeni yanaanza kukauka. Babu anafariki na kuacha lipiko, yaani kinyago cha kuvaa kichwani katika ngoma. Anayelivaa husikilizwa na zimwi, lakini kila anapolivaa husahau jina la mtu mmoja anayempenda.

Katika rasimu ya kwanza, usiku wa mwezi mpevu, Somoe anasimama mlangoni mwa mto, karibu na Msimbati. Anavaa lipiko, zimwi linamshinda nguvu, anaanguka mchangani. Ghafla roho ya babu inatokea angani, inapiga radi, na zimwi linakufa. Hadithi ina kurasa 46 na kilele kinaanzia ukurasa wa 38 hadi wa 42.

## Vitu vya kuandaa

- Nakala ya karatasi kwa kila msomaji, yenye nafasi pana kati ya mistari na namba kwenye kila ukurasa. Kuichapisha steshenari ni gharama, nakubali, lakini kwenye simu msomaji hawezi kuweka ukurasa wa 9 kando ya ukurasa wa 40, na kazi yetu kubwa ni hiyo.
- Kalamu mbili za rangi tofauti. Ya buluu ni ya usomaji wa kwanza na nyekundu ni ya usomaji wa pili. Zisichanganywe.
- Karatasi moja tupu kwa kila msomaji.
- Wasomaji watatu wasiofanana: mmoja anayependa fantasia, mmoja asiyeizoea, na mmoja anayepafahamu vizuri mahali hadithi inapotokea.
- Muda. Mpe msomaji wiki nzima, kisha mtenge dakika 40 za kikao. Kwa walioko huku Kusini, msipange kikao katikati ya msimu wa korosho mkitarajia watu wote. Mwezi wa Oktoba na Novemba nusu ya kikundi chetu huwa shambani au wanafuatilia minada.

## Hatua ya 1: Mwandishi aandike ombi lake

Kabla ya kukabidhi rasimu, andika barua isiyozidi nusu ukurasa. Eleza rasimu imefikia wapi, ni maswali gani matatu unataka yajibiwe, na ni jambo gani hutaki liguswe kwa sasa. Kama bado unatafuta umbo la kilele, sema wazi kwamba tahajia na alama za uandishi zisubiri. Usipolisema hilo, msomaji mwenye bidii atakurudishia kurasa zilizojaa mikato iliyosahihishwa, nawe utahisi umesaidiwa ilhali kilele kiko palepale.

Maswali yawe ya kupima, yasiwe ya kuomba sifa. Swali la "Je, umekipenda kilele?" halina faida, kwa sababu mtu aliyelelewa vyema hawezi kukujibu "hapana" akiwa ameketi kwenye mkeka wako. Uliza hivi badala yake:

- Ulipofika mwisho wa ukurasa wa 37, ulidhani Somoe atafanya nini?
- Ni mstari upi uliokujulisha kwamba zimwi litashindwa?
- Ulipomaliza, uliona ni kitu gani kimepotea ambacho hakitarudi?

Tahadhari: usieleze kanuni za nguvu za ajabu ndani ya barua. Ukimwambia msomaji mapema kwamba lipiko husahaulisha majina, hutajua kamwe kama hadithi yenyewe ilimwambia au ulimwambia wewe. Mwandishi wa hadithi ya Somoe alifanya kosa hilo na msomaji wake wa kwanza, akapoteza msomaji mzuri kwa aya moja.

Kwa riwaya ndefu ambayo hakuna atakayeisoma yote kwa wiki moja, toa sura tatu za mwanzo, muhtasari wa ukurasa mmoja wa sura za katikati, na sura mbili za mwisho. Hata hivyo, fahamu kwamba msomaji huyo hataweza kukuambia kama kilele kimeandaliwa vya kutosha, kwa kuwa maandalizi mengi yako katika sura ambazo hakuzisoma.

## Hatua ya 2: Usomaji wa kwanza, bila kusahihisha neno

Msomaji aanze ukurasa wa kwanza na kalamu ya buluu, na aruhusiwe alama tatu tu. Mstari wima pembeni una maana kwamba hapa sikutaka kuacha kusoma. Alama ya kuuliza ina maana kwamba hapa sikuelewa. Duara lina maana kwamba hapa akili yangu ilitoka: niliangalia simu, nilikumbuka mboga jikoni, nilihesabu kurasa zilizobaki. Asiandike neno lolote.

Katazo hilo lina sababu. Usomaji wa kwanza hutokea mara moja tu. Kutojua kinachokuja ndiyo mali ya pekee ambayo msomaji anayo na mwandishi hana, na akianza kusahihisha sentensi anakuwa fundi kabla hajamaliza kuwa msikilizaji. Bibi zetu walipoita "Hadithi, hadithi!" na sisi tukaitikia "Hadithi njoo!", hakuna aliyekatiza katikati kurekebisha sarufi, lakini watoto walipoanza kuchezea mkeka, bibi alijua kwamba pale ametupoteza. Duara ndiyo mkeka huo.

Zisome kurasa zinazokitangulia kilele na kilele chenyewe kwa mkao mmoja. Ukilala ukurasa wa 37 ukaendelea kesho yake, taharuki umeikata wewe, na si haki kumdai mwandishi.

Hatua hii imefaulu ikiwa unaweza kunyoosha kurasa zote sakafuni na kuona, bila kusoma neno, mahali ambapo hadithi ilikushika na mahali ilipokuachia.

## Hatua ya 3: Sentensi nne kabla ya kuongea na mtu

Mara tu unapomaliza, kabla hata ya kunywa maji, chukua ile karatasi tupu ukamilishe sentensi hizi kwa kumbukumbu, bila kufungua rasimu:

1. Mhusika mkuu alikuwa anataka …
2. Katika kilele alichagua … badala ya …
3. Uchaguzi huo ulimgharimu …
4. Baada ya hapo, jambo ambalo haliwezi kurudi kama zamani ni …

Usibahatishe. Kama hujui, acha wazi. Nafasi iliyoachwa wazi ina thamani kuliko jibu la heshima.

Tazama ilivyokuwa kwa Somoe. Wasomaji wote watatu walijaza sentensi ya kwanza bila shida: alitaka kuuokoa mto. Kwenye ya pili, wawili waliacha wazi, na wa tatu aliandika "alichagua kuvaa lipiko", kisha akalikata mwenyewe, kwa sababu alikumbuka kwamba Somoe alikwishalivaa mara tatu kabla ya hapo. Ya tatu hakuna aliyeijaza. Kwa karatasi tatu zilizo tupu mahali pamoja, mwandishi alijua zaidi kuliko alivyojua baada ya vikao vinne vya "hauna nguvu": katika kilele chake Somoe hachagui lolote wala halipi chochote. Anayeamua ni marehemu.

## Hatua ya 4: Usomaji wa pili, kwa kurudi nyuma

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, nami nitakaa hapa kwa muda. Chukua kalamu nyekundu. Anzia kilele, orodhesha kila kitu kinachoamua matokeo, kisha rudi nyuma ukurasa kwa ukurasa ukitafuta mahali kitu hicho kilipopandwa. Andika namba ya ukurasa. Usipopaona, andika sifuri.

Nguvu inayookoa. Kanuni ninayoisimamia ni rahisi: jambo la ajabu linalomtumbukiza mhusika matatani linaweza kuzuka ghafla, lakini jambo la ajabu linalomtoa matatani lazima msomaji awe amekwishakutana nalo. Zimwi kuzuka bila taarifa ni mwanzo mzuri wa hadithi. Babu kuzuka angani bila taarifa ni mwandishi kunyoosha mkono wake ndani ya hadithi. Msomaji wetu aliandika: "Radi ya babu: sifuri. Roho za wafu kurudi: sifuri." Hakuhitaji kuongeza kwamba kilele ni dhaifu.

Kikomo na gharama. Tafuta mahali hadithi inaposema nguvu hiyo haiwezi nini, na anayeitumia hulipa nini. Kisha angalia kama kilele kinaheshimu maneno hayo. Ukurasa wa 12 unasema wazi kwamba kila uvaaji wa lipiko unafuta jina moja. Kwenye ukurasa wa 39 Somoe analivaa kwa mara ya nne, na hakuna jina linalofutika. Mwandishi alikuwa amesahau kanuni yake mwenyewe, jambo ambalo hutokea sana, kwa kuwa ukurasa wa 12 aliuandika mwezi wa Machi na wa 39 mwezi wa Juni.

Ulimwengu unaotuzunguka. Hapa ndipo msomaji anayepafahamu mahali anapofaa. Wa kwetu ni mvuvi, naye alizungushia duara jekundu maneno "maji mafu" katika usiku ule wa mwezi mpevu. Maelezo yake yalikuwa mafupi: mwezi mpevu na maji mafu havikai usiku mmoja. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga ni bamvua, bahari inajaa sana na kupwa sana; maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Wapo waliocheka wakisema kwamba hadithi yenye zimwi linalokunywa mto haihitaji kujali mwezi. Mimi naona kinyume chake kabisa. Msomaji amekubali zimwi kwa sababu mwandishi amemwomba alikubali, lakini hakuombwa akubali bahari isiyofuata mwezi, na akiona imekosewa huanza kutilia shaka hata zimwi.

Mila. Hili lililetwa na msomaji mwingine, mzee kutoka uwanda wa Makonde. Kwanza, rasimu ilisema lipiko limechongwa kwa mpingo, ilhali mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, maana yanachezwa yakiwa kichwani. Mpingo ni wa vinyago vya kusimamisha mezani. Pili, na hili ndilo zito, mapiko kwa desturi yalikuwa siri ya wanaume waliopita jandoni, na mwanamke hakupaswa hata kumjua aliye ndani. Katika rasimu, binti wa miaka 14 analivaa mara nne na hakuna anayeshtuka. Mzee hakusema "umekosea". Aliandika pembeni: "Je, Somoe anajua kwamba anavunja mwiko?" Nadhani hilo ndilo swali bora kuliko yote niliyowahi kuyaona pembeni mwa rasimu, kwa sababu halikuondoa kitu kwenye hadithi, lilionyesha kwamba hadithi ilikuwa imekalia mgogoro mkubwa bila kujua.

Tahadhari: msomaji asigeuze hatua hii kuwa mtihani wa elimu yake. Kosa la ukweli linastahili kutajwa likiwa linabeba uzito wa kilele, au likiwa linamtoa msomaji hadithini. Mengine yaandikwe kwenye orodha fupi ya mwisho.

Ukimaliza, unapaswa kuwa na orodha ya vitu vitano hadi vinane, kila kimoja na namba za kurasa. Ikiwa kila kitu kina namba na kilele bado kimekuacha baridi, basi kasoro iko kwenye usimulizi, nayo ni ya hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Mwendo wa sentensi

Kagua mambo matatu haraka. Je, mpinzani anahutubia kwa aya nzima wakati angepaswa kushambulia? Je, kanuni mpya inaelezwa katikati ya mapambano? Je, sentensi zote zina urefu mmoja, hata msomaji asihisi kwamba kasi imebadilika? Weka alama, usiziandike upya. Wasomaji wengi hukimbilia hatua hii kwa sababu ni rahisi, na ndiyo maana nimeiweka nyuma.

## Hatua ya 6: Kuuandika mrejesho

Kila hoja iwe na sehemu nne, kwa mpangilio huu: mahali, kilichonitokea nilipopasoma, sababu ninayoidhani, na swali. Linganisha mirejesho hii miwili.

> "Mwisho umekuja haraka mno na babu hana haja ya kuwepo. Ningekuwa mimi ningemfanya Somoe apate upanga wa moto."

> "Dada, nilipofika ukurasa wa 41, babu alipotokea, moyo wangu ulitulia kabla ya wakati, nikaacha kumwogopea Somoe. Nadhani ni kwa sababu sikuwa nimesikia popote kwamba wafu wanaweza kurudi katika ulimwengu huu. Je, kuna kitu ambacho Somoe anacho tayari, kutoka kurasa za mwanzo, ambacho angeweza kukitumia mwenyewe?"

Wa kwanza unatoa hukumu na unaleta dawa iliyotoka katika hadithi ya mtu mwingine. Wa pili unatoa ushahidi ambao hakuna anayeweza kuubishia, kwa kuwa mwandishi hawezi kukuambia kwamba moyo wako haukutulia, kisha unamrudishia kazi mwenye kazi.

Anza na mahali palipokushika kweli, ukitaja ukurasa, kwa sababu mwandishi anayerekebisha kilele bila kujua kinachofanya kazi hukifuta pamoja na kisichofanya kazi. Katika rasimu hii, wote watatu walikuwa na mstari wima ukurasa wa 27, pale Somoe anapotaka kumwita mdogo wake na jina halitoki. Bila kuambiwa hivyo, mwandishi alikuwa amepanga kuukata ukurasa huo ili hadithi iende mbio.

Hoja nne au tano zinatosha. Ukileta ishirini, mwandishi ataanza na ile iliyo nyepesi.

## Hatua ya 7: Kikao

Msimamizi atunze muda. Kila msomaji azungumze dakika nane, akianza kwa kusoma sentensi zake nne kama alivyoziandika, bila kuzirekebisha baada ya kusikia za wenzake. Katika muda wote huo mwandishi ananyamaza na kuandika. Haruhusiwi kusema "nilimaanisha", kwa sababu hatakuwepo Lindi, Kilwa au Dodoma kumweleza kila atakayeifungua hadithi alichomaanisha.

Ukimya huu ni mgumu, na kwetu una ugumu wa ziada wa rika. Kijana anaposoma rasimu ya mzee, humezwa na adabu, akasema yote ni mazuri. Na mzee anaposoma ya kijana, wakati mwingine husahau kwamba hakuja kufundisha maisha. Tulichokubaliana ni hiki: shikamoo na heshima zote zinatolewa mlangoni, na mbele ya rasimu tunaitaja hadithi, hatumtaji mtu. Kijana haambiwi aseme "mzee, umeshindwa hapa". Anasema, "Mzee wangu, kwa ruhusa yako, ukurasa wa 40 nilipotea, nikarudia mara mbili." Hajamvunjia mtu heshima, wala hajaficha kitu. Mkisikia neno "wewe" linarudiwa sana kikaoni, msimamizi akatize kwa upole.

Asiyeweza kufika atume ujumbe wa sauti, lakini arekodi kabla ya kuwasikia wengine. Maoni ya pili kwenye kundi la simu karibu kila mara hufanana na ya kwanza.

Wakimaliza wote, mwandishi ana dakika kumi za kuuliza. Aulize ili aelewe: "Uliposema ulipotea, ulipotea kuhusu mahali walipo au kuhusu anachotaka?" Asiulize ili ashinde. Maneno ya kufunga upande wake ni "nashukuru, nimesikia", hata kama tumbo linamchemka.

## Hatua ya 8: Kuuchambua mrejesho

Funga daftari kwa siku mbili. Sitanii, mwandishi anayefungua rasimu usiku uleule huwa ama anamtii kila mtu ama anabishana na kila mtu.

Siku ya tatu, gawa hoja katika mafungu. La kwanza ni hoja zilizotajwa na wasomaji wawili au zaidi mahali pamoja: hizo chukua kuwa ni za kweli, hata kama sababu walizotoa zinatofautiana. La pili ni hoja za msomaji mmoja zenye ushahidi unaoweza kuuhakiki, kama ile ya bamvua: hakiki, kisha rekebisha. La tatu ni mapendekezo ya dawa, kama ule upanga wa moto. Usiyatupe na usiyatii, yatafsiri. Anayetaka Somoe apewe upanga anasema, kwa lugha yake, kwamba Somoe amekosa cha kufanya. Ugonjwa ameuona sawasawa, dawa ndiyo si yake. La nne ni ladha: asiyependa mazimwi hatayapenda hata ukiyavalisha kanzu, nawe una haki ya kumshukuru na kuendelea.

Wasomaji wanapopingana, usitafute wastani. Mmoja akisema kilele ni kirefu na mwingine akisema ni kifupi, angalia duara zao ziko wapi. Mara nyingi wote wanalalamikia ukurasa uleule: mmoja amechoshwa nao, mwingine amehisi kwamba kilichopaswa kuwemo hakimo.

## Hatua ya 9: Kuandika upya, ukianzia nyuma

Usianze na kilele. Anza na zile sifuri. Amua kwanza ni kitu gani kitaamua matokeo, nenda kakipande kwenye kurasa za mwanzo, kisha ndipo uje uandike upya ukurasa wa 38.

Mwandishi wa Somoe alifanya hivi. Babu aliondolewa angani. Ukurasa wa 9 uliongezewa sentensi moja ndani ya wimbo wa watoto: zimwi hilo haliwezi kuacha kunywa lilichokianza mpaka likimalize. Ukurasa wa 16 mjomba, mvuvi, anamweleza Somoe jinsi usiku wa bamvua bahari inavyopanda ndani ya mto. Kuanzia ukurasa wa 20, Somoe analivaa lipiko kwa siri, usiku, kwa sababu anajua mwiko anaouvunja. Jina la mwisho lililobaki kichwani mwake ni la babu.

Hivyo kilele kipya hakina radi. Ni usiku wa mwezi mpevu, maji yanapanda, wazee wa kijiji wamesimama ufukweni, na sauti pekee inayoweza kulishikilia zimwi hapo mlangoni mwa mto mpaka bahari ifike ni ya aliyevaa lipiko. Somoe analivaa mbele yao wote. Zimwi linaendelea kunywa, maji yanageuka chumvi, nalo sasa limeianza bahari ambayo haliwezi kuimaliza wala kuiacha.

Tahadhari ya mwisho: rasimu hii usimpe tena mmoja wa wale watatu kwa jaribio la kwanza. Wao tayari wanajua; watasoma wakilinganisha. Tafuta msomaji mpya, umpe barua, kalamu ya buluu na karatasi tupu.

Msomaji mpya wa Somoe alikuwa mama mmoja wa Lindi ambaye huwa hasomi fantasia. Karatasi zake zilirudi na mstari wima usiokatika kuanzia ukurasa wa 36 hadi wa 43, na kwenye sentensi ya tatu, iliyokuwa tupu kwa wote waliomtangulia, aliandika: "Analia kaburini na hajui anamlilia nani." Ukurasa wa 44, kwenye sherehe ya kijiji, alikuwa ameweka duara kubwa la buluu, na hilo ndilo lililopangwa kujadiliwa Jumamosi iliyofuata.